Nguva Aliyesubiri Mgeni Rasmi

Ilikuwako nchi, na bado iko, ila jina lake sitalitaja kwa kuwa wenyewe hawapendi kutajwa bila kibali, na mtoa kibali yuko safarini. Msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Haiko karibu na kwetu, haifanani na kwetu, na watu wake, tofauti na sisi, ni watiifu mno.

Katika nchi hiyo jambo halihesabiwi kuwa limetokea mpaka aje mgeni rasmi asomewe risala. Wamezoea hivyo na wanaona wamestawi. Kisima kikichimbwa, maji yake hayanywewi mpaka kizinduliwe. Kina mama hukipita na ndoo zao kichwani, wakakitupia jicho la heshima, wakaendelea zao mtoni. Daraja la mji mkuu lilikamilika zamani, lakini watu walikuwa bado wanavuka kwa miguu chini yake, suruali wamezikunja, kwa sababu aliyetakiwa kulizindua alikuwa na ratiba ngumu. Mtalii mmoja aliwahi kulipita juu. Walimkamata, wakampa chai, wakamweleza kwa upole kwamba hakuwa amevuka, kisha wakamrudisha ng'ambo alikotoka ili avuke upya pamoja na wenzake.

Pwani ya nchi hiyo kulikuwa na Kituo cha Taifa cha Kuokoa na Kutunza Viumbe wa Baharini na Ndege wa Kigeni. Bahari na ndege viliwekwa pamoja kwa kuwa vyote vilikuwa chini ya Wizara ya Bahari, Anga na Yaliyo Katikati, na Wizara ilikuwa na bati za paa moja tu. Mkuu wa kituo alikuwa Daktari Mize Vuai, mganga wa wanyama, mwanamke mpole wa makamo ambaye mikono yake ilikuwa imechunwa na chumvi. Nasema mapema kwamba nampenda, msomaji asije akadhani haya nitakayoyasema nayasema kwa chuki.

Kazi haikumpiga chenga. Kasa waliomeza mifuko ya plastiki aliwatoa mifuko. Pomboo aliyechanwa na pangaboi la boti alimshona. Na ndege waliokamatwa uwanja wa ndege, wamefichwa ndani ya soksi na mikono ya mashati ya wasafiri, aliwapokea nusu wafu akawalisha kwa bomba la sindano mpaka wakaanza kumng'ata, na hapo ndipo alipojua kwamba wamepona.

Ndege hao walikuwa na kesi yao. Kwa sheria za kule, kiumbe yeyote aliyeingia bila karatasi ni mhamiaji haramu, hivyo kila kasuku alihojiwa na afisa uhamiaji kabla ya kupewa maji. Mmoja wa kijivu, aliyeletwa ndani ya kipande cha bomba huku wasafirishaji wamemkata manyoya ya mabawa asiweze kuruka, aliulizwa uraia wake. Akajibu, "Funga mlango." Afisa akafunga mlango, akauliza tena, akajibiwa vilevile. Baada ya mahojiano marefu iliamuliwa kwamba anaficha jambo, akawekwa chini ya uangalizi wa Daktari Mize mpaka nchi yake ijitokeze kumdai. Wafanyakazi walimwita Katibu, kwa vile alipenda kusema na hakuwa na kazi.

Kisha wavuvi wakamleta nguva. Wavu ulikuwa umemkata shingoni na kwenye pezi moja, na alikuwa anahema kama mtu aliyepanda ngazi ndefu. Mwanakombo, mwanamke aliyekuwa akiwalisha wanyama wa kituo, alimpa jina la Mashavu, na ukimwona hukuuliza kwa nini. Kila maji yalipokupwa Mwanakombo aliingia baharini na mundu kumkatia majani, akarudi amelowa hadi kifuani, akamwekea na kumsimulia habari za mtaani. Mashavu alikula, akanenepa, kidonda kikafunga. Kabla masika hayajaisha alikuwa amepona kabisa.

Sasa, nguva si kasa. Kasa akipona unaweza kumweka bwawani na akakuvumilia. Nguva akishapona anataka kwao, na asipopelekwa anaacha kula, polepole, hana fujo, mpaka siku moja unamkuta amelala chini hapandi tena kuvuta pumzi. Daktari Mize alilijua hilo vizuri sana. Na kumpeleka kwao hakukuwa na ugumu wowote. Bwawa lilikuwa na lango linalotazama mfereji, na mfereji ulikwenda baharini. Maji yakijaa unafungua lango, mnyama anakwenda mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyowaachia wote waliotangulia, asubuhi, yeye na Mwanakombo, kisha wakarudi ndani kunywa chai.

Hapo kwenye chai ndipo tatizo lilipokuwa. Daktari alikuwa ametoka mji mkuu kwenye semina, na huko alimshuhudia mkuu wa Kituo cha Kuzuia Milima Isiporomoke akipigiwa makofi watu wote wamesimama, kwa ajili ya kilima ambacho hakikuwa kimekwenda popote. Alirudi na donge. Miaka yote ile amerudisha baharini viumbe walio hai, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwambia ahsante isipokuwa Mwanakombo, naye alisema ahsante kwa kila kitu, hata kwa mvua.

Basi akainua simu, akaiambia Wizara kwamba kuna nguva amepona na ingependeza kama Mheshimiwa Waziri angefika kushuhudia akiachiwa. Kwa Mwanakombo alisema amefanya hivyo kwa sababu ya pampu ya bwawa, ambayo ilikuwa inakohoa na kuzimika, na Waziri akiiona huenda akatoa nyingine. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Ile nyingine, iliyokuwa ya kweli zaidi, alikaa nayo kimya: alitaka na yeye apigiwe makofi.

Wizara ilipokea habari hizo kwa furaha iliyotisha. Jioni hiyohiyo alifika Bwana Nassib Tindwa, Mratibu wa Itifaki na Shangwe za Taifa, mtu mwembamba, msafi, mwenye sauti ya kubembeleza. Hata kabla ya kuketi alitoa utepe wenye rangi za bendera, akaufunga kwenye lango la bwawa kwa fundo bapa ambalo hufundishwa kwa watu wa itifaki peke yao. Akaeleza kwamba tangu dakika ile lango lina hadhi ya uzinduzi, na yeyote atakayelifungua kabla ya Mheshimiwa atakuwa amemwachia nguva kinyume cha utaratibu, yaani atakuwa hajamwachia, na juu yake atakuwa amevunja sheria.

Kisha akauliza habari za risala.

"Risala husomwa na wanufaika," alisema. "Kwa niaba yao na ya wenzao."

"Wanufaika ni nguva, Bwana Tindwa. Na kasa wawili hivi."

"Najua."

"Hawasemi."

"Hilo ni suala la kitaalamu, Daktari, na mtaalamu ni wewe. Mimi siwezi kuingilia taaluma ya mtu."

Toka barazani, ndani ya tundu lake, Katibu akasema, "Funga mlango." Bwana Tindwa aligeuka taratibu, na uso wake ukachanua hata Daktari akaingiwa na hofu.

Risala iliandikwa na kamati. Rasimu ya kwanza ilianzia kuumbwa kwa bahari ikaja mpaka kwa Mheshimiwa, ikampongeza kwa mambo yote yaliyotokea katikati. Kulikuwa na kipengele cha changamoto, kwa sababu risala isiyo na changamoto huonekana ya kutungwa. Daktari aliomba itajwe pampu. Kamati ilijadili, ikaona pampu itamkwaza Mheshimiwa, ikaandika badala yake kwamba changamoto kubwa ya viumbe hao ni furaha iliyopita kiasi. Halafu rasimu ikapunguzwa ili iingie kwenye kichwa cha ndege, ikapunguzwa tena, mwisho yakabaki maneno matatu: "Tunashukuru sana, Mheshimiwa."

Kumfundisha lilikuwa jukumu la Daktari mwenyewe, na alilifanya vizuri. Katibu alikuwa ndege mwoga; watu walikuwa wamemtenda vibaya, na mkono wa mtu kwake ulikuwa kitu cha kung'atwa. Daktari alikaa naye asubuhi baada ya asubuhi, korosho kwenye vidole, mpaka ndege akakubali kushika kidole kwa mguu mmoja, akautazama, akaleta na wa pili. Akishapanda mkononi, anaambiwa maneno. Akiyasema, anapata korosho. Muda si muda ikawa ukimnyooshea mkono anapanda bila wasiwasi, anainamisha kichwa, anakushukuru. Daktari alipendezwa, kisha akaona aibu kwa kupendezwa, kwa kuwa alijua imani ile alikuwa akimjengea ndege kwa ajili ya kazi ya mwingine.

Sherehe ikapangiwa siku, nayo siku ikaahirishwa. Mheshimiwa alikuwa amekwenda ng'ambo kwenye Mkutano wa Dunia wa Kuchukua Hatua za Haraka, na mkutano ukaongezwa muda. Aliporudi, hema lililoletwa lilikuwa na rangi iliyofanana na ya chama kingine. Lilipobadilishwa, ikagundulika kwamba gari jipya la Mheshimiwa halijazinduliwa, na mtu wa kulizindua alikuwa yeye, na hakuwa na gari la kumpeleka kwenye uzinduzi.

Mashavu akaanza kubakiza majani.

Mwanakombo ndiye aliyeona kwanza. Akabadilisha mahali pa kukata, akaleta yaliyo mororo, akayashika mkononi chini ya maji na kumpelekea mdomoni kama unavyomlisha mgonjwa. Mashavu alikuja, akanusa, akaondoka. Akaanza kuzunguka ukutani upande wa lango, akarudia, akarudia, na pale alipogusa pua zege likawa na alama.

"Dada," Mwanakombo alimwambia Daktari siku moja, akisuuza mundu wake, "huyu anakufa kwa adabu zetu."

Daktari alimjibu kwamba avute subira, tarehe imekaribia. Hakumtazama usoni wakati akisema.

Hakuwa mwovu, alikuwa anaogopa tu. Mwenzake wa kituo cha kaskazini, Daktari Fumo, aliwahi kumwachia kasa kwa huruma kabla ya mgeni kufika. Alishtakiwa kwa kosa la kusababisha tukio. Hawakumfunga, serikali ile haifungi wataalamu. Walimhamishia jangwani, awe Mkuu wa Kituo cha Viumbe wa Baharini cha huko, na mpaka leo hupiga simu vituo vingine kuuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua, kama kuna samaki yeyote wa kumpelekea.

Kwa hiyo kila Bwana Tindwa alipopiga simu kuuliza hali ya mnufaika, Daktari alijibu, "Anaendelea vizuri." Ni neno dogo, na kwenye simu linatoka kwa urahisi. Lakini siku aliyolisema hakwenda bwawani. Alimtuma Mwanakombo, yeye akajitia kazi kwa ndege. Baadaye akaanza kuzunguka nyuma ya stoo anapokwenda ofisini, njia ndefu yenye matope, ili asipite penye maji yale. Wafanyakazi waliona matope kwenye viatu vyake. Akaanza naye kubakiza chakula, na mwenyewe aliona kwamba ni haki yake, mmoja amekosa hamu na mwingine naye akose.

Hatimaye tarehe ikathibitishwa, na siku moja kabla yake kukafanyika mazoezi. Kijiji kizima, pamoja na wafanyakazi wote wa kituo na askari wa lango kuu, walitolewa barabarani kujifunza kupunga mikono. Gari tupu lilipita polepole, likageuza, likapita tena, na Bwana Tindwa akasimama juu ya kigoda akirekebisha vigelegele. Daktari Mize alisamehewa mazoezi hayo ili amsikilize Katibu risala yake kwa mara ya mwisho.

Ilikuwa mchana, jua la utosi, na maji yalikuwa yamejaa. Hakukuwa na mtu. Daktari alipita njia ya mbele, sijui kwa nini, labda kwa uchovu wa matope, akafika bwawani akaketi ukingoni. Mashavu alikuwa chini. Alipopanda kuvuta pumzi alipanda kwa shida, ngozi ya shingo imelegea mikunjo, mashavu yenyewe hayapo. Akaifungua pua, akavuta, akashuka.

Ningependa niseme kwamba Daktari aliwaza juu ya haki, au ya taifa, au ya vizazi vijavyo. Hakuwaza chochote cha namna hiyo. Alishindwa tu kumwona akipanda tena vile. Aliinuka akaenda kwenye utepe, na fundo la itifaki likakataa vidole, akalifungua kwa meno. Akavuta lango.

Mashavu hakwenda. Maji yalikuwa yameingia, njia iko wazi, na yeye amekaa palepale pua ikiwa kwenye alama yake ya ukutani. Daktari aliteremka majini na nguo zake zote, akamwekea kiganja ubavuni, akamsukuma kidogo, akimwambia kwa sauti ya chini, "Nenda mama, nenda, wasije." Ndipo nguva akageuka. Alipita langoni, mkia ukapiga mara moja, na mfereji ukabaki na maji yaliyochafuka, kisha hata uchafu ule ukatulia.

Daktari alifunga lango, akaurudisha utepe. Fundo bapa hakulijua. Akafunga lile analolijua, la kamba za viatu, lenye masikio mawili.

Furaha yake ilidumu mpaka saa ya chai. Bwana Tindwa alirudi kutoka barabarani ameridhika sana na vigelegele, na Daktari, ambaye nguo zake zilikuwa bado hazijakauka, akamwambia kwamba anasikitika, mnufaika amefariki.

Bwana Tindwa aliweka kikombe chini. "Kufa hakumo kwenye ratiba."

"Najua. Alidhoofika."

"Alikuwa anaendelea vizuri. Umeniambia mwenyewe."

"Alikuwa anaendelea vizuri," Daktari alisema, "halafu akadhoofika."

"Mzoga uko wapi?"

"Tumemzika."

"Haraka."

"Kuna joto."

Bwana Tindwa alisimama akaenda mpaka bwawani, Daktari nyuma yake. Alitazama maji. Akatazama utepe, na yale masikio mawili ya fundo, kwa muda mrefu. Mtu wa itifaki anajua fundo lake kama mama anavyojua kilio cha mwanawe, na Daktari akaona kwamba ameelewa yote. Akangoja afoke. Bwana Tindwa hakufoka. Yeye ndiye aliyepewa dhamana ya utepe ule, na kama lango limefunguliwa chini ya utepe wake basi jangwani kuna nafasi mbili.

"Amekufa," alisema mwishowe, kwa sauti yake ya kubembeleza. "Mimi nimesikia amekufa, na nasikitika. Maana kama angekuwa hai, dada yangu, mle baharini, na dhaifu hivyo, hajafika mbali. Polisi wa majini wameleta boti zote kwa ajili ya gwaride la kesho. Ningelazimika kuzituma zimrudishe leo hii."

Daktari alisema, "Amekufa."

"Basi." Akafungua fundo la masikio, akafunga lake upya. Halafu akatoa ratiba mfukoni, akaisoma kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta. "Hapa pameandikwa kwamba, baada ya risala, Mheshimiwa atamwachia mnufaika huru kuelekea baharini. Haijaandikwa mnufaika yupi."

Barazani Katibu alikuwa anajichokonoa manyoya. Daktari aliona macho ya Bwana Tindwa yanakoelekea, akaanza kusema haraka. Alisema ndege yule mabawa yake yamekatwa, manyoya hayajaota, hawezi kuruka. Alisema ni ndege wa misitu ya mbali, bahari hata haijui. Alisema hata angeweza kuruka, angekufa njaa. Aliyasema kitaalamu na kwa mpangilio, na Bwana Tindwa alimsikiliza kwa heshima hadi mwisho.

"Unasema kweli tupu," alimwambia. "Basi chagua wewe, Daktari. Ndege, au nitume boti?"

Mwanakombo alikuwa amefika kutoka barabarani, amesimama na kikapu cha majani ambayo hayakuwa na mlaji tena. Alilitazama bwawa, akamtazama Daktari na nguo zake, akatabasamu tabasamu dogo la furaha. Kisha akamsikia Daktari akisema, "Ndege," na tabasamu likamtoka.

Kesho yake sherehe ilifana. Zulia jekundu lilitandikwa toka hemani mpaka ndani ya maji, hata samaki wadogo wakawa wanaogelea juu yake. Itifaki ilizingatiwa, ikatangazwa kwamba imezingatiwa, na aliyeitangaza akapongezwa kwa kuizingatia. Mheshimiwa alikuwa mtu mkubwa mwenye uso mwema, na nadhani alikuwa mwema kweli. Ni mmoja wa wale ambao hawajawahi kuambiwa jambo baya na mtu yeyote.

"Serikali yangu," alisema, "haitavumilia kuona kiumbe chochote kikiteseka bila taarifa. Na nimeagiza kwamba kuanzia leo, mnyama atakayenaswa na wavu, na aokolewe kabla ya kunaswa, ili kupunguza gharama."

Watu walipiga makofi kama walivyofundishwa. Daktari Mize alikuwa kiti cha mbele, amevaa gauni la sherehe, Katibu begani. Jina lake lilitajwa. Alitakiwa kusimama, akasimama, na umati wote ukamshangilia. Alikuwa amelitamani jambo hilo kwa miaka, nalo lilimwingia masikioni likamchoma kama maji ya chumvi kwenye kidonda. Katibu, kwa kuogopa kelele, alijibana shingoni mwake.

Kisha ikafika zamu ya risala. Mheshimiwa alinyoosha mkono wake mnene. Katibu aliutazama mkono, akamtazama Daktari. Angemng'ata, kwa asili yake angemng'ata, na Daktari aliomba kimoyomoyo amng'ate. Lakini alikuwa amefundishwa na mtu anayejua kazi. Akapeleka mguu mmoja, akaleta wa pili, akainamisha kichwa.

"Tunashukuru sana, Mheshimiwa."

Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Waziri alifuta jicho. Alitembea juu ya zulia mpaka maji yakamfika kwenye soli za viatu, akamwinua ndege juu kwa mkono mmoja, akamrusha kwa nguvu zake zote kuelekea baharini.

Katibu alifungua mabawa, kwa kuwa ndivyo ndege hufanya. Hapakuwa na kitu cha kushika hewa. Alikwenda chini moja kwa moja, akapiga maji, akazama, akaibuka akipapatika. Mshereheshaji, ambaye hakuwa na maneno mengine, alitangaza kwamba mnufaika ameamua kuoga kwanza. Watu wakaendelea kupiga makofi.

Daktari alitaka kukimbia. Naapa alitaka. Lakini Mheshimiwa alikuwa bado amesimama kwenye zulia anapunga mkono, na kule hakuna anayempita Mheshimiwa akiwa amesimama, na miguu yake ilikuwa imeishi katika nchi ile tangu kuzaliwa. Alisubiri Waziri ageuke. Waziri aligeuka upande wa kamera. Alisubiri tena. Ndege alikuwa ameacha kupapatika, anaelea mabawa wazi, kichwa kinaingia na kutoka. Huku nyuma, upande wa wafanyakazi, Mwanakombo alikuwa anamwita Daktari kwa jina lake tupu, bila cheo, na askari wanamzuia.

Ndipo Daktari akaenda. Alimpita Mheshimiwa, akamgonga bega, akaingia majini na gauni la sherehe, akamkusanya Katibu kifuani, akamgeuza kichwa chini kumtoa maji, akampulizia puani. Makofi yalikatika. Ndege alikohoa, akatikisika, akapumua kwa mlio wa filimbi iliyopasuka, mlio ambao hangeuacha tena.

Mheshimiwa alikuwa wa kwanza kusema. "Ndugu wananchi," alisema, na sauti yake ilitetemeka kwa hisia, "nimezindua vituo vingi vya uokozi. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuona mtu akiokoa." Akamkumbatia Daktari, maji yakimchuruzika. Palepale akaagiza tukio lile liwe la kila mwaka, Siku ya Uokozi wa Taifa, lifanyike mahali hapohapo na kwa utaratibu uleule. Na vigelegele vya siku hiyo havikuhitaji kurekebishwa na mtu.

Pampu haikuja. Mashavu hakuonekana tena, na kule kutoonekana ndiko kulikokuwa habari njema pekee. Mwanakombo aliendelea na kazi yake; alimsalimia Daktari kila asubuhi kwa adabu zote, "Shikamoo Daktari," ingawa walikuwa rika moja na hapo zamani walikuwa wakiitana dada.

Mwaka uliofuata, masika yalipoanza kukatika, Bwana Tindwa alifika na utepe mpya. Alikuwa amepandishwa cheo. Alikaa barazani karibu na tundu, ambamo Katibu alikuwa akipumua kwa mlio wake, akanywa chai, akauliza kwa sauti ya kubembeleza kama ndege ataweza. Hakutaja boti. Hakutaja nguva. Alisema tu kwamba, kwa kuwa safari ile mambo yalikuwa ya ghafla, sasa Wizara ingependa ushauri wa mtaalamu, jambo lifanyike kwa kufuata taaluma.

Daktari Mize alitazama upande wa mfereji. Halafu akasema kwamba ni afadhali iwe wakati maji yamejaa, kwa kuwa hapo chini kuna mawe. Bwana Tindwa akaandika. Daktari akasema ndege asilishwe asubuhi hiyo. Bwana Tindwa akaandika na hilo, akauliza kama kuna lingine.

Daktari alifikiri kidogo, kama anavyofikiri mtu anayeipenda kazi yake, akasema Mheshimiwa aombwe safari hii amrushe kwa mikono miwili.